Nauli isile unga wa watoto

WAHENGA walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hakuna aendaye bure siku hizi. Kila kunapopambazuka, kuanzia Dandora hadi Umoja, Kayole hadi Jericho, maelfu ya watu hutoka majumbani kwenda kutafuta riziki, na kabla hawajaiona shilingi ya kwanza ya siku, tayari wamekwishatoa za nauli.

Mpenzi msomaji, Jumapili ya leo tuzungumze juu ya hiyo nauli. Ni matumizi ambayo wengi wetu hatuyapangii. Tunapanga kodi ya nyumba, tunapanga karo, tunapanga unga na gesi ya kupikia. Nauli tunaiacha ijipange yenyewe, nayo haijipangi, inachota tu. Mwisho wa mwezi baba na mama huulizana pesa zimekwenda wapi, na pengine hata kununiana, kumbe zilidondoka moja moja mkononi mwa makanga.

Kuna jambo la pili ambalo haliachani na hilo la kwanza, nalo ni moshi. Simama kando ya Jogoo Road saa moja asubuhi, utazame magari yalivyofuatana kama siafu kutoka Donholm hadi mzunguko wa City Stadium. Ndani ya magari mengi ya kibinafsi yumo mtu mmoja tu. Kando ya barabara, katika vumbi na moshi wa magari hayo, ndipo wanapopita watu kwa miguu kwenda Industrial Area. Yule asiyechafua hewa ndiye anayeivuta zaidi. Ama kwa hakika hilo si haki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Hesabu ya meza ya jikoni

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie familia ya Umoja ambayo baba anafanya kazi Industrial Area, mama anauza nguo Gikomba, na kijana wao anasoma shule ya kutwa mtaa mwingine. Tuseme kila mmoja analipa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Hizo ni shilingi 300 kwa siku. Kwa siku 22 za mwezi, ni shilingi 6,600.

Sasa ongeza mvua. Sote twajua kwamba wingu likitanda jioni, nauli nayo hupanda. Tuseme siku sita za mwezi nauli ya kurudi imefika shilingi 100. Hapo umeongeza shilingi 900, na jumla imekuwa shilingi 7,500. Ikiwa mfuko wa unga wa kilo mbili ni shilingi 150, familia hiyo imesafirisha mifuko 50 ya unga kwa mwezi mmoja bila kuionja.

Je, inaweza kuokoa nini? Baba akitembea asubuhi tu, na jioni apande gari kwa sababu ya giza na uchovu, amebakisha shilingi 1,100. Mama akiweza kuondoka baada ya ule mshikemshike wa asubuhi, nauli iwe shilingi 30 badala ya 50, amebakisha shilingi 440. Kijana akihamishiwa shule anayoweza kufika kwa miguu, hizo ni shilingi 2,200. Jumla yake ni shilingi 3,740, karibu nusu ya fedha zote walizokuwa wakitoa. Nambari zako huenda zikawa tofauti na hizi, lakini chukua daftari uziandike. Nauli isiyoandikwa haipungui.

Mitaa ilijengwa karibu na kazi

Ni vyema tukumbuke jinsi Eastlands ilivyoanza. Muthurwa na Makongeni ilikuwa makazi ya wafanyakazi wa reli. Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni ilijengwa na baraza la mji enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba zilikuwa ndogo na msongamano ulikuwa mkubwa, lakini jambo moja lilikuwa wazi: mtu aliweza kutembea hadi kazini. Kutoka Kaloleni kwenda Industrial Area au karakana za reli hakukuhitaji gari. Wengine walikuwa na baiskeli.

Baada ya Uhuru mji ukatanuka kuelekea mashariki. Miaka ya 1970 ikaleta Buruburu, Umoja na Dandora, kisha Kayole na Komarock zikafuata. Nyumba zilikwenda mbali, kazi zikabaki palepale. Hapo ndipo nauli ilipogeuka kuwa kodi ya pili ya nyumba.

Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kubeba abiria jijini mwaka wa 1934, lakini kadiri watu walivyoongezeka mabasi yake hayakutosha. Magari ya mitumba yakaziba pengo hilo, na jina la matatu linasemekana kutokana na nauli ya zamani ya sarafu tatu za senti kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu matatu yabebe abiria bila leseni za magari ya umma. Mwaka wa 1986 serikali ikaleta mabasi ya Nyayo, ambayo katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamekwishadorora. Stagecoach ya Uingereza iliinunua Kenya Bus mwaka wa 1991 na kuiuza mwaka wa 1998. Februari 2004 zikaja kanuni za Waziri John Michuki: mikanda ya viti, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano na mwisho wa kuning'inia mlangoni.

Nayasimulia haya kwa sababu moja. Katika miaka hiyo yote, waliobadilishwa ni wenye magari. Aendaye kwa miguu, ambaye ndiye wengi wetu, hakuulizwa lolote.

Gari nambari kumi na moja

Vijana wetu huiita miguu "nambari kumi na moja", maana ukiitazama imesimama kama tarakimu hizo mbili. Si aibu kuipanda. Tafiti za safari za Nairobi zimeonyesha kwamba takriban safari nne kati ya kila kumi hufanywa kwa miguu tupu. Hakuna matatu, basi wala treni inayoweza kujilinganisha na idadi hiyo.

Kutembea ni bure na hakutoi moshi, lakini kuna hatari zake, na mzazi mwenye busara hazifichi. Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, zinaonyesha kwamba tangu mwaka wa 2021 Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali, na zaidi ya theluthi moja yao ni watembeao kwa miguu. Kwa hiyo kuokoa shilingi 50 kwa kukimbia katikati ya magari ya Outering Road si kuokoa. Tumia daraja la kuvukia, hata kama linakuzungusha. Mfundishe mtoto afanye vivyo hivyo, nawe ufanye akikuona, kwa sababu mtoto hufuata miguu ya mzazi kabla ya kufuata maneno yake.

La pili ni wakati. Alfajiri na usiku, watu watembee kwa kundi. Katika mitaa mingi tayari wafanyakazi hungojana kwenye kona wakaenda pamoja, na wazazi nao wanaweza kupeana zamu ya kuwasindikiza watoto wa ploti nzima hadi shuleni. Mzazi mmoja na watoto wanane ni salama kuliko watoto wanane kila mmoja na njia yake. Kadhalika, chagua njia ya ndani ya mtaa badala ya ukingo wa barabara kuu. Mara nyingi ni fupi vilevile, na kifua chako kitakushukuru, maana vipimo vya hewa vilivyochukuliwa Nairobi vimekuwa vikizidi kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Reli iliyo nyuma ya nyumba

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mpaka leo inapita katikati ya Eastlands. Hata hivyo, wako wakazi wanaoisikia tu ikipiga honi na hawajawahi kuipanda.

Makadara ndicho kituo muhimu kwetu, kwani treni za abiria zinazokwenda Syokimau, Embakasi Village, na zile za Dandora, Githurai na Ruiru hupitia hapo zikitoka kituo kikuu cha jiji. Kituo kipya cha Syokimau kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Mwaka wa 2020 zikaletwa treni zilizokuwa zikitumika Uhispania, na vituo kama Donholm na Pipeline vikaongezwa. Treni haikai kwenye foleni ya City Stadium, na nauli yake haipandi mvua inaponyesha.

Kasoro yake ni ratiba. Treni hizi huenda zaidi asubuhi na jioni siku za kazi. Ukichelewa kwa dakika tano, imekwenda. Kwa hivyo pita kituoni siku moja, uliza saa na nauli, uandike ukutani jikoni. Mtu anayeripoti kazini saa mbili kamili atafaidika nayo. Anayeuza mitumba na kurudi saa yoyote huenda isimfae, na hapo atafute njia nyingine.

Basi, matatu na umeme

Wengi wetu tutaendelea kupanda matatu, iwe ni 58 ya Buruburu au 19/60 ya Kayole. Msomaji anaweza kushangaa nikisema kwamba matatu, pamoja na vituko vyake vyote, huchafua hewa kidogo kuliko gari la kibinafsi. Hesabu ni rahisi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za gesi ya kaboni. Lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7. Tuseme gari la mtu mmoja limeteketeza lita moja ya petroli kufika mjini. Mtu huyo peke yake ametoa kilo 2.3. Tuseme tena basi dogo la abiria 33 limeteketeza lita mbili na nusu za dizeli kwa njia ileile. Ukigawanya, kila abiria ametoa gramu 200 hivi. Basi kubwa lililojaa hufanya vizuri zaidi.

Sasa kuna mabasi ya umeme pia. Kampuni ya BasiGo ilianza kuyaleta Nairobi mwaka wa 2022. Nchini Kenya jambo hilo lina maana kuliko katika nchi nyingi, kwa kuwa takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Basi la umeme likisimama steji halikupulizii moshi usoni. Ukiyaona mawili yamesimama, moja la dizeli na jingine la umeme, na nauli ni sawa, unajua la kupanda.

Lakini rahisi si shilingi peke yake, hasa kwa akina mama na wasichana. Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili kitendo hicho kiwe kosa la jinai. Gari la shilingi 30 ambalo binti yako anaogopa kulipanda si la bei nafuu. Bora alipe 40 katika lile ambalo wahudumu wake wanajulikana na wana adabu. Tangu magari haya yalipotakiwa kujiunga katika sako, abiria ana pa kulalamika: andika nambari ya gari, jina la sako na saa, kisha upeleke habari ofisini kwao au NTSA.

Baiskeli na bodaboda

Baiskeli ndiyo iliyosahaulika. Eastlands ni tambarare kuliko upande wa magharibi wa jiji, na mtu wa Buruburu mwenye baiskeli anaweza kumtangulia mwenye gari kufika mjini saa za msongamano. Outering Road, yenye urefu wa kilomita 13, ilipopanuliwa ilitengewa njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Baadhi ya sehemu zake zimegeuka vibanda na maegesho. Siwalaumu wachuuzi wanaotafuta riziki kama sisi, lakini njia ikizibwa, mtoto wa mtu hushuka barabarani. Kama utanunua baiskeli, nunua na kufuli, taa ya nyuma na kofia ya kinga.

Bodaboda nayo ilianza kama baiskeli, kule mpakani na Uganda, ikimvusha abiria kutoka boda moja hadi nyingine. Leo ni pikipiki, na husaidia sana usiku au mgonjwa anapozidiwa. Ila kwa safari ya kila siku ndiyo hutoboa mfuko. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na nyote wawili muwe na kofia ya kinga. Watoto watatu waliobanwa kati ya dereva na mama yao ni jambo tunaloliona kila asubuhi. Tusilizoee. Pikipiki za umeme zinazobadilishiwa betri zimeanza kuonekana pia, nazo ni nafuu kwa hewa, lakini lami haijui tofauti ukianguka.

Safari isiyofanywa

Safari iliyo nafuu kuliko zote ni ile ambayo haikufanywa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, hakuna haja ya kupanda basi kumpelekea nyanya matumizi, ingawa kumtembelea ni jambo jingine na tusiliache. Vivyo hivyo, kabla ya kwenda katikati ya jiji kutafuta cheti, uliza kama Huduma Centre ya Makadara haikitoi. Kusanya shughuli tatu za mjini ziwe siku moja. Majirani watatu wanaweza kumtuma mmoja wao Marikiti, akarudi na viazi vya nyumba zote, badala ya watatu kulipa nauli sita.

Kwa safari za mbali, kanuni ni ileile. Kwenda Mombasa, treni ya Madaraka Express iliyozinduliwa Mei 2017 hubeba watu wengi kwa pamoja, na zipo treni za mjini zinazounganisha kituo kikuu na kile cha Syokimau inakoanzia. Uliza mapema kama ratiba zinaoana na ya kwako, usije ukalipa teksi bei ya tikiti yenyewe. Treni za Nanyuki na Kisumu zilirejeshwa mwaka wa 2020 na 2021 kwenye reli ya zamani. Kabla ya kufunga mizigo, uliza kituoni kama inakwenda siku unayotaka. Kwa mabasi, anayengoja tarehe 23 Desemba ndipo aende Machakos Country Bus na watoto wanne atalipa wanayoitaka. Chama chenu kinaweza kuweka akiba ya nauli ya Krismasi kuanzia Januari, na wanaotoka sehemu moja wakakodi basi zima. Basi lililojaa watu wa kwenu huenda moja kwa moja, na mzigo haupotei.

Tudai kilicho chetu

Hata hivyo, si haki kumwambia mwananchi ajipange na kunyamaza hapo. Mwaka wa 2015 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, na ndani yake ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo iliandikwa kwa niaba yetu. Diwani anapokuja kuomba kura Jericho au Kariobangi, na mikutano ya maoni juu ya bajeti inapoitishwa, tusiulize tu juu ya lami. Tuulize: ile asilimia 20 imekwenda wapi? Taa za njia ya shule ziko wapi? Kivuko mbele ya soko kitajengwa lini?

Jirani zetu wamejaribu. Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendo kasi Mei 2016, yakiwa na njia yake yenyewe katikati ya barabara. Yamekuwa na matatizo yake, na msongamano vituoni ni mmojawapo, lakini angalau basi la watu mia moja halisubiri nyuma ya gari la mtu mmoja.

Kwa juma hili, msomaji mpendwa, nakuachia kazi ndogo. Kila mtu wa nyumba yako aandike nauli aliyotoa kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, bila kuficha ya bodaboda. Jioni ya Jumamosi mketi pamoja, mjumlishe, na mchague safari moja tu ya kupunguza. Moja yatosha kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba, na katika nyumba nyingi za Eastlands, kibaba hicho ni cha unga.